Farasi Aliyengoja Amina

Nimestaafu mwezi uliopita, na vijana wa banda hawakuniacha nipumue. "Papa Neema, andika, sisi tutasoma kwenye simu." Haya, naandika. Sitawaambia nililipwa nini wala nani alinipandisha cheo, maana cheo cha mtunza farasi ni kimoja: unaanza na beleshi la mavi na unamaliza na beleshi la mavi. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na juu ya neno moja nililowafundisha farasi bila kufikiri, likaniponza kanisani kwa miaka mingi. Mwenye haraka achukue somo hapa hapa: chunga unachomwambia farasi kila siku. Wengine someni mpaka mwisho.

Kwa asiyenijua, naitwa Byamungu, mtu wa Bukavu, baba wa Neema na wadogo zake watatu. Nimetunza farasi wa mbio hapa Turffontein, Johannesburg, karibu miaka thelathini. Kabla ya hapo sikuwahi kumgusa farasi. Kwetu kuna ng'ombe, mbuzi na milima. Farasi nilimwona kwenye kalenda tu, na hata kwenye kalenda niliona macho yake hayaaminiki.

Siku ya kwanza niliingia bandani na suruali ya kitambaa na viatu vya kanisani, kwa sababu aliyenitafutia kazi aliniambia ni "kazi ya mizigo kidogo". Mzee aliyepewa kunifundisha alikuwa Mzulu, Baba Dlamini, mrefu, mkimya, mkono wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha wakati ule, kidole kilikwenda wapi? Akanyoosha mkono kumwonyesha farasi wa pembeni. Hakueleza zaidi, na mimi sikuuliza tena.

Vifaa vyake vilikuwa vinne: chuma cha kuchokolea kwato, brashi ngumu, brashi laini, na kitambaa kimoja. Vingine vyote alisema ni mbwembwe za dukani. Alinifundisha kupima miguu ya farasi kila asubuhi kwa mgongo wa mkono, siyo kiganja, kwa sababu kiganja cha mfanyakazi kimekufa ganzi, ila mgongo wa mkono bado unasikia joto. Joto linatangulia kuchechemea kwa siku mbili. Ninyi mnaopima kwa macho kutoka mlangoni mkiwa na simu mkononi, najua mnajijua.

Somo lake kubwa lilikuwa la ndoo. "Farasi akishazoea kuruka kwenye chakula akikiona," alisema, "siku moja atakubana ukutani akuvunje mbavu. Lazima angoje. Na ili angoje, lazima kuwe na neno." Neno lake lilikuwa *woza*, yaani njoo kwa Kizulu. "Tafuta lako. Ukilipata, usilibadilishe."

Mimi sikutafuta. Nilikuwa nimetoka kwenye njaa ya safari, na ndoo ile ya shoka na karoti, samahani, shayiri na karoti (mkono wangu ukichoka unaandika unavyotaka), ilikuwa nzuri kuliko nilichokula mwenyewe jana yake. Kwetu chakula hakiguswi kabla ya kuombewa. Mama yangu angekugonga vidole kwa mwiko. Basi nikasimama na ndoo mkononi, nikainamisha kichwa, nikaomba kwa sauti ya chini, nikasema "Amina", nikaweka ndoo chini. Kesho yake hivyo hivyo. Baada ya wiki mbili, farasi wangu wote wanne walikuwa wakisikia sauti yangu imeshuka wanashusha vichwa na kutulia, hawasogei mpaka wasikie Amina. Wenzangu walicheka mpaka basi. Upande wangu wa banda wakauita kanisani.

Nilifurahi, sitaficha. Hakuna farasi aliyewahi kunibana ukutani. Joki mmoja, mpanda farasi wa mbio, alijaribu kuwadanganya kwa *amen* ya Kiingereza, hawakutikisa hata sikio. Walitaka ile *a* ya mwisho.

Sabuni alikuja baadaye, akiwa mtoto wa miaka miwili, rangi ya moshi wa makaa. Farasi wa namna ile huzaliwa mweusi, kisha mwaka hadi mwaka anafuliwa, mpaka anakuwa mweupe kabisa. Ndiyo maana tulimwita Sabuni. Jina lake la mbio lilikuwa refu, la Kiingereza, hakuna aliyelitumia isipokuwa mtangazaji. Alishinda mara chache na kushindwa kwa adabu. Mwenye mali alikuwa Mjapani, Bwana Hirano, mkubwa wa kampuni moja kule Sandton. Alikuja kila Jumamosi na karoti alizozikata mwenyewe, zote urefu mmoja.

Muda wa Bwana Hirano wa kufanya kazi huku ulipokwisha, Sabuni naye alikuwa amemaliza mbio na amekuwa mweupe pe. Bwana Hirano alitueleza kwamba katika mji wake kuna hekalu la zamani sana la dini yao ya Shinto, na hekalu lile tangu enzi hufuga farasi mmoja mweupe. Wa mwisho alikuwa amekufa. Yeye aliwaahidi mwingine, huyu Sabuni.

Kumpeleka farasi nje ya nchi hii ni kazi, kwa sababu ya ugonjwa wa farasi wa huku. Haruhusiwi kwenda moja kwa moja. Anakaa karantini hapa, anakaa kwingine, ndipo anafika. Sabuni alipoingia karantini ya kwanza aliacha kula. Siku ya pili daktari wa wanyama akampigia Bwana Hirano, Bwana Hirano akanipigia mimi. Nikaenda, nikamkuta Sabuni amesimama mbele ya ndoo imejaa, kichwa chini, anangoja. Masikini! Watu wa kule waliweka chakula na kuondoka. Nikashusha sauti, nikasema langu, "Amina", akala kama mashine. Daktari alifikiri nimempa dawa. Mimi nilisema amezoea sauti yangu tu. Niliona haya kueleza kwamba nimemfanya farasi wa watu muumini.

Ndivyo nilivyopelekwa Japani. Bwana Hirano aliamua niende naye, nikae mwaka mmoja mpaka farasi azoee.

Wakati ule nilikuwa shemasi katika kanisa letu la Yeoville, lile la ghorofani, juu ya saluni. Mimi ndiye niliyetandika meza ya Bwana na kupitisha mkate. Bandani nilikuwa mtu wa beleshi, lakini Jumapili watu walisimama nilipopita. Niwaambie ukweli, ule ushemasi niliupenda kuliko kitu chochote nilichopata katika mji huu, ukiondoa Mama Neema. Basi nikaenda kumuaga Pasta Yosua.

"Hekalu la nani?" Pasta aliuliza.

"La Wajapani, Pasta."

"Sikukuuliza la watu gani. Nani anaabudiwa mule?"

Sikujua, nikasema sijui. Akafikiri. Pasta Yosua si mkali, ila akikamata jambo halimtoki. "Enda ukachunge mnyama," akasema. "Mnyama hana kosa. Lakini uniahidi vitu viwili. Usiiname mbele ya hekalu lao. Na wakiomba, usiitikie Amina. Mtu akiitikia Amina, ile sala ametia sahihi."

Jumapili ile niliahidi mbele ya kanisa zima, mkono wa kuume juu. Tulipokuwa tunashuka ngazi, Mama Neema akanivuta koti.

"Papa Neema. Sasa farasi?"

"Farasi anafanya nini?"

"Atakulaje?"

"Nitamwombea chakula bandani kwake. Farasi hasali, Mama."

Akaniangalia, akanyamaza. Nimeishi na mwanamke huyu miaka mingi, na kila aliponyamaza namna ile nilikuja kuumia baadaye.

Tulifika Januari, theluji mpaka magotini. Hekalu liko chini ya mlima, kati ya miti mirefu ambayo hamwezi kuikumbatia hata mkiwa watatu. Unaingilia kwenye lango ambalo kwetu lingekuwa kichekesho: nguzo mbili zimesimama, mbili zimelala juu yake, hakuna ua, hakuna mlango. Ungeweza kupita pembeni. Hakuna anayepita pembeni. Mbele kidogo kuna birika la jiwe na kata ya mwanzi: unanawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha unasukutua. Hilo nilifanya bila wasiwasi, kunawa si dhambi popote. Wenyeji walipofika mbele ya nyumba ya sala waliinama mara mbili, wakapiga makofi mawili, wakainama tena. Mimi nilisimama wima kama mlingoti. Hakuna aliyenisumbua.

Mtunza farasi wao alikuwa Mzee Okabe, anakaribia miaka sabini, mfupi, mikono mikubwa. Hakuwa na lugha yangu wala mimi yake. Sabuni aliposhuka kwenye gari, mzee alichuchumaa kwenye theluji akampima miguu, mmoja mmoja, kwa mgongo wa mkono. Nikasema moyoni, haya, huyu ni mwenzangu. Jina langu aliliona refu, akalikata, akachukua sehemu ya mwisho: akaniita Mungu. Mahali pale hasa! Nikamkimbilia Emi, binti wa kuhani mkuu, ambaye alikuwa amesoma nje na anajua Kiingereza, nikamwambia amsihi mzee anikate upande ule mwingine. Ndipo nikawa Bya-san, yaani Bwana Bya.

Emi mwenyewe alikuwa anajifunza ukuhani chini ya baba yake, na ndiye aliyenieleza mambo. Zamani, alisema, mtu mwenye shida kubwa alileta farasi mzima hekaluni. Asiye na uwezo akaleta farasi aliyechorwa kwenye kibao. Mpaka leo wanatundika vibao, mamia, na maombi yameandikwa nyuma: mtihani, mtoto, ugonjwa. Mwaka mpya watu wanakuja kwa foleni ndefu, na hirizi za mwaka uliopita zinachomwa moto uwanjani. Februari wanarusha maharage ya soya kufukuza mabaya; Sabuni alidhani ni mvua ya chakula na akawafuata warushaji uwanja mzima. Kisha maua ya miti yao, wiki moja tu, watu wazima wamekaa chini wanayaangalia wakila. Kisha sala ya kabla ya kupanda mpunga. Mimi nilitazama yote kwa mbali, nimeshika brashi. Ilikuwa nzuri. Naona sina sababu ya kusema vingine.

Sasa shida. Kila mwanzo wa mwezi farasi huletwa mbele ya nyumba ya sala. Pembeni inawekwa sinia ya sadaka: mchele, karoti, maharage. Kuhani mkuu anasoma sala yao kwa sauti ya chini, tuni moja, bila kupanda wala kushuka. Sala ikiisha, farasi anazungushwa uwanja na kurudi kwake.

Mwezi wa kwanza, Mzee Okabe alimleta Sabuni, mimi hatua kumi nyuma. Kuhani akaanza. Sauti ikashuka, chakula kiko karibu, na Sabuni akainamisha kichwa mpaka karibu na ardhi, akatulia tuli. Watu wakapumua kwa mshangao. Farasi anaomba! Simu zikatoka mifukoni. Mimi sikushangaa, nilijua anangoja nini.

Sala ikaisha. Sabuni hakusogea. Mzee Okabe akavuta kamba. Hakusogea. Wakaja vijana wawili wakasukuma nyuma, jambo ambalo nimewaambia mara elfu msifanye. Farasi wa kilo mia tano akiamua kungoja, anangoja. Alikaa pale mpaka sinia ilipoondolewa, ndipo akafuata kamba polepole, amenyong'onyea kama mtoto aliyenyimwa.

Nilitakiwa kufungua mdomo tu. Neno moja. Lakini nilikuwa nimeahidi nisiseme neno hilo mahali pale, baada ya sala ile, mkono wa kuume juu. Nikanyamaza. Kibaya zaidi, sikumwambia mtu sababu. Emi aliponiuliza kama farasi anaumwa, nilisema ni baridi.

Nikaanza kumfundisha neno jingine. Nilichagua "haya". Bandani lilishika baada ya miezi mitatu, nikajipongeza. Mbele ya kuhani halikufanya kitu. Baba Dlamini alinionya nisibadilishe neno, na sasa farasi ndiye aliyekuwa analipia uzembe wangu.

Mwisho wa Juni, ambao kwao ni kiangazi, wanasuka pete kubwa ya majani mabichi, kimo cha kupita mtu, wanaisimamisha uwanjani. Watu wanapita ndani yake mara tatu, wanazunguka kushoto, kulia, kushoto, ili uchafu wa nusu mwaka ubaki pale. Sabuni alipitishwa pembeni yake akielekea kwenye sala. Akasimama. Akaila. Hakula yote, lakini alikula upande mzima, kwa utulivu, huku foleni ya watu waliovaa vizuri ikimwangalia. Emi alicheka mpaka akakaa chini. Baba yake hakucheka.

Wiki ile Emi alikuja bandani peke yake. Hakucheka tena. "Sikukuu kubwa ni ya vuli," alisema. "Mji wote unakuja. Farasi anasimama mbele ya hekalu, kisha anaongoza watu mpaka mtoni. Baba amesema akikwama tena, hawezi kubaki hapa."

"Ataenda wapi?"

Emi akachukua brashi, akaanza kuchambua nywele zilizonasa. "Farasi mzima, haendi mbio, hapandwi na watalii, haongozwi. Wewe ni mtu wa farasi, Bya-san. Unajua."

Nilijua. Nchi ile watu wanakula nyama ya farasi, na siwasemi vibaya, sisi wenyewe tunakula mengi. Lakini yule alikuwa Sabuni. Nilimpokea akiwa rangi ya moshi. Nilimtoa ndani ya banda la Turffontein na kumleta upande wa pili wa dunia, na kosa lililokuwa linampeleka machinjioni lilikuwa langu, nililifanya kwa ndoo na dini yangu nzuri.

Jumapili moja mchana nikampigia Mama Neema. Nikamweleza yote. Hakusema "nilikuambia", ingawa alikuwa na haki.

"Ile Amina ni ya farasi," alisema. "Haiko ya miungu yao."

"Basi niseme?"

"Mimi hukuniahidi kitu. Uliahidi Pasta. Umupigie."

Sikumpigia Pasta. Nilijua atakachosema, na nilijua nikimwuliza itabidi nimtii. Huo ndio woga wenyewe, msiuite kwa jina lingine.

Siku ya sikukuu ilikuwa kavu, jua safi, majani mekundu. Walinivika koti jeupe la wasaidizi. Watu walijaa uwanja mpaka nje ya lile lango lisilo na ua. Nilimpiga Sabuni brashi tangu alfajiri mpaka akang'aa, na kwato zake nilizipaka mafuta. Mzee Okabe alimsuka singa kwa utepe mwekundu. Hakunitazama.

Kuhani mkuu akaanza. Sauti ile ile, tuni ile ile. Sabuni akainama. Watu kimya. Nikamtazama shingo yake nyeupe, nikafikiria mkate na meza ya Bwana, nikafikiria ngazi za kanisa letu na harufu ya saluni inayopanda mpaka madhabahuni. Sala ikaisha.

Akangoja. Tukangoja. Mzee Okabe akavuta kamba taratibu, mara moja, mara mbili. Nyuma watu wakaanza kunong'ona. Mzee akageuka akaniangalia. Hakuwa anajua lolote, aliniangalia tu kama mtunza farasi anavyomwangalia mwenzake: unaona nini mimi sioni?

"Amina!" nikasema.

Sikuisema kwa siri. Ilitoka na sauti yote ya shemasi wa Yeoville, ikagonga miti ikarudi. Sabuni akainua kichwa, akachukua karoti moja kwenye sinia, akaanza kutembea. Alitembea mpaka mtoni, mji wote nyuma yake, hakusimama hata mara moja. Mimi nilitembea pembeni nikilia waziwazi, na watu wa pale, kwa adabu yao, wakajifanya hawaoni.

Jioni nilimweleza Emi kila kitu, na yeye akamweleza baba yake. Kuhani mkuu aliuliza neno lile maana yake nini. Nikasema ni neno tunalofungia sala, na iwe hivyo. Kisha akasema jambo, na Emi akanitafsiria: "Kumbe alikuwa anatungoja tumalize."

Mzee Okabe nilimfundisha bandani, mbele ya ndoo. A-mi-na. Alilipata mara ya kwanza, safi kuliko yule joki wa *amen*. Lugha yao ni kama yetu, kila herufi ina vokali yake. Kuanzia siku ile alilisema yeye, asubuhi na jioni, na kila mwanzo wa mwezi mbele ya hekalu. Januari nikarudi Johannesburg.

Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini nilitakiwa kutandika meza Jumapili ya kwanza, na mikono ilikataa. Nikaenda kwa Pasta Yosua kabla ya ibada.

"Uliinama?"

"Hapana, Pasta."

"Uliitikia?"

"Nilimwambia farasi."

"Baada ya sala yao?"

"Baada ya sala yao."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniambia nitubu mbele ya kanisa, atanirudishia ushemasi baada ya muda. Nikamwambia, Pasta, kutubu ni kusema sitarudia, na mimi farasi yule akisimama tena pale nitarudia. Akasema basi ukae. Nikakaa. Nimekaa benchi la nyuma tangu wakati ule, karibu na mlango, mkate napitishiwa na vijana niliowafundisha kuupitisha. Sikuhama kanisa. Tulisalimiana kila Jumapili, "Pasta", "Papa Neema", na hatukulizungumza tena.

Sabuni aliishi miaka mingi, akafa bandani kwake kwa uzee, Mzee Okabe ameshika kichwa chake. Emi aliniandikia. Mzee naye alifuata mwaka uliofuata. Siku niliyopata habari hiyo sikwenda kazini, na bosi hakuniuliza.

Nimalize na mwezi uliopita. Mama Neema alipika, tukafanya shukrani ndogo ya kustaafu hapa nyumbani Rosettenville, na Pasta Yosua akaja. Amezeeka, anashika ukuta akipanda ngazi. Wageni walipoondoka alibaki anakunywa chai, na simu yangu ikalia: Emi, ambaye sasa ndiye kuhani mkuu, alikuwa amenitumia video ya sikukuu ya mwaka huu. Pasta akauliza ni nini. Nikamwambia ni kule. Nikataka kuizima, akasema, "Acha nione."

Nikaweka simu kati yetu juu ya meza. Uwanja ule ule, miti ile ile. Farasi mpya, mweupe, kijana, mzaliwa wa huko huko, hakuinama wala nini, alikuwa anatazama ndege. Emi akasoma sala kwa sauti ya chini. Akamaliza. Kukawa kimya. Kisha uwanja mzima, wazee, watoto, wanawake wenye nguo zao za sherehe, watu ambao hawajui Bukavu iko wapi, wakasema kwa pamoja: "Amina!"

"Amina," akaitikia Pasta.

Ilimtoka tu, kwa mazoea ya maisha yake yote, kikombe kikiwa mdomoni. Akajisikia. Akakiweka kikombe chini. Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Hakusema neno, alinyamaza kule kunyamaza kwake.

Pasta akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu.

"Farasi wa sasa naye anangoja hilo neno?" akauliza.

"Hapana, Pasta. Yule aliyengoja alikufa zamani. Watu wamelizoea, wanalisema tu."

Akavaa miwani. "Rudisha nyuma," akasema, "nione tena."

Nikarudisha. Safari hii alijua inakuja, na ilipofika aliitikia pamoja nao.